Maji Yako Yanakuja Kwangu

Kasingirima, Ujiji

Kwako Dada Eufrasia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Kagunga, na kwamba mgongo wa shemeji umepata nafuu. Sisi hatujambo, ila nafsi yangu haijatulia. Swali linalonisumbua ni hili: mtu huyasikia maneno aliyoambiwa, au yale aliyokwisha kuyatarajia?

Tangu masika maji ya jikoni yalikuwa yakidhoofika. Nilifunga mabomba yote, nikaenda kutazama mita; bado inazunguka. Nikajua yanapotea njiani, na bomba letu, kama unavyokumbuka, hupita chini ya ua wa jirani, ambako sasa amepanga Armelle, mama mmoja kutoka Burundi. Mchicha wake ulikuwa umestawi kuliko wa mtaa mzima. Siku moja aliniita uani, akatabasamu kwa haya, akasema: "Mama, maji yako yanakuja kwangu."

Mimi nikasikia kejeli. Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Samson, nikamweleza kwa ufasaha wangu wote kwamba mwizi amekiri mwenyewe. Armelle alipoitwa alirudia sentensi ile ile, watu wakaangua kicheko. Jirani yetu Yunisi akadakia kwamba wageni hawa ukiwapa kiti wataomba na kitanda. Mwenye nyumba wake akamwamuru Armelle ahame mwisho wa mwezi.

Kisha fundi Castory akaja kuchimba, huku akitania kwamba mchicha huo unaoga kuliko sisi. Chini yake kiungio cha bomba kilikuwa kimepasuka. Hapakuwa na bomba lolote la wizi. Akakata kipande kibovu, akaunga kipya, akafungua koki, mita ikatulia. Kumbe Armelle alikuwa akinionya, kwa Kiswahili alicho nacho.

Dada, hili ndilo ninaloona aibu kuliandika: nilimsihi Castory afukie upesi, watu wasione. Maji yaliporudi kwa nguvu, mtaa ukasema mwizi amekomeshwa, nami nikanyamaza. Armelle bado ananisalimu, huku akifunga mizigo.

Nimemwomba balozi awakusanye watu leo jioni, mwenye nyumba akiwepo. Nitasema. Sina hakika kama hilo litamrudishia Armelle nyumba, wala kama kosa langu lilikuwa la lugha tu. Maneno yale angeyatamka Yunisi, huenda ningekimbilia jembe kuchimba panapovuja. Sijui, kwa kuwa sijawahi kumsikiliza Armelle kwa sikio ninalompa Yunisi.

Wasalimu shemeji na wanao wote. Niombee ulimi usinigeuke.

Mdogo wako,
Honorata