Ukuta wa Kogo Usipigwe Plasta

S.L.P. 4417,
Eldoret.

9 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Collins,

Ukuta wa matofali ya kuchoma, ukitunzwa, ni ukuta uliokamilika, na anayeagiza ufichwe kwa plasta ili wageni wasiuone hajui nyumba ni kitu gani. Hilo ndilo dai langu. Nimelitanguliza mbele ya salamu ili usije ukasema nilikuzungusha.

Sasa salamu. U hali gani huko Calgary? Natumaini baridi ya Kanada imelegea na kwamba mgongo haukuumi tena kwa kuendesha lori. Shemeji Nabalayo na mwanao Lenny hawajambo? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua ya masika imekuwa nzuri, mahindi yameota vyema, na Kogo, nyanya yetu, anakula na kucheka kama zamani, ingawa macho yake yamezidi kufifia.

Nije kwenye ujumbe wako wa Jumapili katika kundi la ukoo. Uliagiza mafundi waje Jumamosi ijayo wapige plasta sebule yote ya Kogo, kwa kuwa wakwe wanakuja kwa koito, kikao cha kupatana mahari ya dada yetu Jelagat, na wakiona matofali matupu “watadhani tuliishiwa njiani.” Shangazi Cherono akakupigia makofi. Nilipouliza swali moja tu, ukanijibu mbele ya ukoo mzima kwamba mwenye digrii ya kemia anayefundisha watoto wa jirani masomo ya ziada hawezi kukufundisha ujenzi. Nimeamua kukufundisha hata hivyo.

Tuanze na aliyeuharibu ukuta huo. Kabla ya Krismasi ulitutumia picha yako ukiwa mkahawani huko, meno yote nje, umeegemea ukuta wa matofali matupu yanayong’aa. Ukaagiza wa Kogo ung’ae vivyo hivyo. Fundi wa rangi, Wepukhulu, akaupaka vanishi, tabaka juu ya tabaka. Nilipomwambia kwamba tofali linahitaji kupumua, alicheka. “Mimi naambiwa paka, napaka. Wewe ukitaka kuongea na ukuta, ongea nao!” Sikumlaumu sana. Mtu huyo alikuwa na brashi mkononi na ukuta mbele yake. Wewe ulikuwa na picha tu, na kiburi cha kuifanya sheria.

Mvua ilipoanza, yakatokea yale ambayo mtoto wa darasa la saba angeyatabiri. Mfereji wa paa ulivuja upande wa nyuma, na matofali yakanyonya maji. Tofali lililo wazi huyatoa maji hayo taratibu, pamoja na chumvi iliyomo katika udongo wake, na chumvi hiyo huonekana juu kama unga mweupe unaofagilika. La Kogo halikuwa na pa kuitolea, kwa kuwa ulilifunga mdomo. Chumvi ikarundikana chini ya vanishi, na sasa vanishi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, ikiondoka na uso wa tofali. Nawe, ulipoona picha za uharibifu huo, ukatangaza kwamba matofali ya Babu hayakuiva! Daktari anampa mgonjwa sumu, kisha anaandika kwamba mgonjwa alizaliwa dhaifu.

Dawa yako ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Plasta ya saruji juu ya ukuta wenye unyevu, chumvi na mabaki ya vanishi itavimba na kubanduka. Labda itachagua siku yenyewe ya koito, imwangukie mzee wa upande wa pili akiwa katikati ya kutaja ng’ombe. Hapo ndipo tutakapoonekana watu tuliokamilika.

Unachohitaji ukuta huu ni kidogo, ila kinataka subira, tunda lisilouzwa madukani. Mfereji nimeshauziba mwenyewe. Vanishi itolewe polepole kwa mkono. Unga mweupe ufagiliwe kwa brashi kavu, usioshwe, maana maji huirudisha chumvi ndani. Viungo vya kati ya matofali vilivyolegea vijazwe chokaa na mchanga, si saruji ngumu inayolishinda tofali nguvu. Na anayetaka kutundika picha yake, hata iwe ya mkahawani, apige msumari kwenye kiungo, aliache tofali.

Lakini kemia si sababu yangu kubwa. Uliondoka Kogo akiwa bado anaona. Hujui jinsi anavyotembea siku hizi. Akitoka jikoni huweka vidole ukutani, akafuata viungo vya matofali hadi afikie lile tofali lenye alama ya kwato, karibu na mlango wa chumba chake. Unalikumbuka: ndama alilikanyaga likiwa bichi, likianikwa, na Babu akakataa kulitupa, akalijenga hapo usawa wa mkono. Akiligusa, Kogo hujua amefika. Siku ile vanishi ilipokauka nilimkuta amesimama katikati ya safari hiyo, viganja vyote viwili vikiteleza ukutani. “Nani amepaka nyumba yangu mafuta? Kwani mnataka nipotee ndani ya nyumba yangu?”

Tofali la kwato bado analipata, kwa kuwa shimo halifichwi na vanishi. Plasta italijaza.

Kuhusu wakwe, ni watu wa Ainabkoi, nao wanachoma matofali yao wenyewe. Bibi harusi mwenyewe nilimuuliza kama anaona aibu. Jelagat akasema, “Mtu akinikataa kwa sababu ya ukuta, aende akaoe ukuta.” Wewe, unayelipia chakula ili ule karibu na matofali ya Wazungu, ndiye pekee unayeona haya kwa yale yaliyofinyangwa na babu na nyanya yako.

Msalimie sana shemeji Nabalayo, na umbusu Lenny kwa niaba yetu. Mama yangu, pamoja na wadogo zangu Jebet na Kiplimo, wanakusalimu. Mungu wa Babu akulinde barabarani, akulete nyumbani ukiwa mzima, uuguse ukuta huu kwa mkono wako.

Nakala ya barua hii naiweka leo katika kundi la ukoo. Usinijibu pembeni, wala usimpigie Shangazi. Uliagiza mbele ya wote, basi jibu mbele ya wote, kabla mafundi hawajachanganya saruji: Jumamosi jioni, Kogo akitoka jikoni, mkono wake auweke wapi? Jelagat atamsomea jibu lako kwa sauti. Tunasubiri.

Ndugu yako akupendaye, na asiyekuogopa,

Kipngetich