Koti Lenye Tundu la Pasi

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo. Ukimpashia bibi yako, usibanduke jikoni mpaka uzime jiko.

Usishtuke ukiona meza imeungua. Asubuhi umeme ulipokatika, wewe uliiacha pasi juu ya koti langu la kazi bila kuichomoa, ukakimbilia shule. Umeme ukarudi nikiwa naoga. Bibi ndiye aliyesikia harufu, akaja mbio na ndoo ya maji! Nilipiga ukelele kama mwendawazimu: usimwage, mama, nizime umeme kwanza!

~~Kuanzia leo hugusi tena pasi humu ndani.~~

Kuanzia leo, umeme ukikatika, chomoa kila kitu kabla hujatoka. Na ufunguo wa mlango wa nyuma ukae kwenye msumari wake, si kwenye begi lako. Moto ungeshika mlango wa mbele, tungetokea wapi?

Nilikuwa nimefura kwelikweli, mpaka nikaona umekishona na kile kifungo cha koti kilichokuwa kinaning'inia. Wala hukuniambia.

Koti nimelivaa hivyo hivyo, na tundu lake mgongoni. Atakayecheka kazini nitamuuliza: wewe leo nani kakupigia pasi?

Mama yako