Nilipomwambia Bi Ingrid Niko Feri

Jumatatu, 3 Februari

Nimekunywa uji. Nimelisha kuku. Nimeongea Kizungu saa nzima na mzungu wa Norwe mpaka mwenyewe akaishiwa na maneno.

Si kweli. Nilisema "yesi" kila alipovuta pumzi, "welikamu" mara moja, nikamalizia na "nopurobulemu". Yaliyobaki yote kayasema Kadzo. Lakini daftari hili ni langu, na mtu akijisifu peke yake anamuumiza nani?

Kadzo ni mjukuu wangu. Tunakaa pamoja hapa Bofu, Likoni, yeye chumba cha nyuma na kompyuta yake na feni inayolia kama mbuzi wa Idi. Anafanya kazi za mtandaoni. Wateja wako ng'ambo, hawajamtia machoni, kazi ikiisha wanampa nyota. Zake zote kamili. Anazilalia kama kuku mayai. Leo kaniambia, "Babu, nyota zikipungua, kazi zinapungua. Nakuomba." Kanitazama kwa jicho la kuonya, utadhani mimi nina rekodi mbaya.

Kazi yenyewe: Bi Ingrid anatengeneza hadithi za kusikiliza, za watoto wa Kiswahili wanaokulia kwao huko kwenye baridi. Anataka sauti ya babu wa pwani. Kadzo alinirekodi kwa siri nikimtukana jogoo, akamtumia. Mzungu kapenda. Jogoo hakuulizwa.

Mimi! Sauti yangu ipande ndege! Nimefurahi mpaka nimekula mara mbili.

Aibu moja. Shati langu jeupe limekatika kifungo cha kifuani. Mazungumzo yote nimeshika kifua kwa mkono. Bi Ingrid akauliza kama naumwa na moyo. Kadzo kaahidi: nikijua Kizungu cha kazi, atanishonea. Mimi tundu la sindano silioni tena.

Jumanne, 4 Februari

Somo. Mwalimu ni Kadzo, mwanafunzi ana mvi.

Kumbe nilikosea toka mlangoni. Nilimuuliza Bi Ingrid, kwa mdomo wa Kadzo, habari za nyumbani, za mama yake, za mvua, za mifugo. Kadzo alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikadhani ni paka. Eti mteja wa ng'ambo husalimiwa mara moja, basi, mnaingia kazini. Mara moja! Hata mlango hubishwa mara tatu.

La pili. Usiseme yesi kwa jambo hujalielewa. Sema hujaelewa, akurudilie. La tatu, jambo baya liseme mapema, kwa sentensi fupi, na useme utalitengeneza lini.

Hapo tukagombana. Nimebeba mizigo ya wageni hoteli za Nyali mpaka mgongo ukagoma. Kizungu changu chote nimekiokota kule, na neno hapana halikuwemo. Mgeni akikuuliza kesho kutakuwa na jua, unasema ndiyo. Jua lisipotoka, kosa ni la jua.

"Babu, huyu hajaja kuogelea," Kadzo akasema. "Hataki adabu. Anataka siku. Wewe sema lini."

Sema lini, sema lini. Karudia mpaka kuku wameshika.

Jumatano, 5 Februari

Kadzo alikuwa anaoga. Kompyuta ikaita. Ningefanyaje? Nikabonyeza.

Bi Ingrid. Kavaa sweta. Akasema mengi. Nilidaka "hadithi", nilidaka "Jumatatu". Alipotua nikampa jibu la Nyali.

Kadzo katoka na kanga na povu sikioni. "Umekubali nini, babu?"

"Nimekubali."

"Nini?"

"Kila kitu."

Muda si muda ujumbe ukaingia. Kumbe wenzetu mkishaongea huandika mlichopatana ili asije mtu akageuka. Hadithi nane. Zote Jumatatu asubuhi, kuna fundi wa sauti atakuwa anazingoja. Kadzo akataka kumjibu pale pale kwamba nane ni nyingi. Nikamzuia. Nimeshatamka, mgeni kafurahi, nitauweka wapi uso? Nikaapa nitamaliza, wallahi. Mimi ni Mkristo, lakini mdomo wangu ni wa Likoni.

Jioni tumerekodi mbili, mimi nimejifunika blanketi kichwani sauti isirudi. Joto la kuivisha mkate. Hadithi ya pili ina fisi. Nimelia kama fisi mpaka mbwa wa mtaa wote wakajibu. Raha ya ajabu. Sijawahi kufanya kazi ya kukaa.

Alhamisi, 6 Februari

Kadzo kaenda Kaloleni kumpeleka mama yake kliniki. Atarudi Jumapili. Kaniachia simu ya kurekodia, kaniwekea alama ya rangi ya kucha pa kubonyeza. Neno lake la mwisho lilikuwa: likitokea jambo, mwambie Bi Ingrid, au nipigie.

Likatokea kabla hajafika feri ya kuvukia mjini. Mzee Baya, jirani wa ukuta kwa ukuta, kafariki. Tumecheza bao tangu meno yetu yakiwa kamili. Alikuwa mwizi wa kete, Mungu amrehemu.

Mchana wanawe wameleta spika. Ndefu kama kabati, nne. Matanga ya kwetu hayana kunong'ona. Marehemu husindikizwa na muziki, watu wakeshe, wachangie, wacheze. Vikombe vyangu vinatembea mezani peke yao.

Nimejaribu kurekodi. Sungura anaongea na simba, nyuma yake ngoma inapiga duff duff. Nikasema nitakwenda kuwaomba wapunguze. Nimefika, wakanipa kiti cha mbele, wakanipa chai, wakaniomba niseme neno kuhusu marehemu. Nimesema neno. Halafu nimecheza kidogo. Sasa nitaombaje?

Ijumaa, 7 Februari

Nimebeba blanketi hadi Port Reitz kwa mpwa wangu. Nyumba ya mawe, mtaa umetulia, hakuna spika. Nikajifunika. "Hapo zamani za kale..." Ndege. Nikangoja. "Hapo zamani..." Ndege nyingine, imetoa matairi kabisa. Kumbe ndiyo sababu kodi ya kule ni nafuu. Nimeshinda huko nimerudi na "hapo zamani" nyingi bila hadithi hata moja.

Jioni Bi Ingrid akauliza kwa ujumbe, kazi inaendeleaje. Mjukuu wa Mzee Baya akanisomea.

Nilijua la kufanya. Nimefundishwa. Jambo baya, mapema, fupi. Nimeshika simu kuanza, moyo ukakataa. Unampelekeaje mtu habari mbaya mikono mitupu? Kwetu unangoja mpaka uwe na kitu cha kufunikia. Nikamtumia sauti yangu kwa Kizungu safi kabisa: Mama, niko feri.

Hapa Likoni hilo jibu halina mpinzani. Nimelisema nikiwa ndani ya chandarua. Fundi analisema yuko harusini kwa watu, mchungaji nimemsikia akilisema. Maana yake ni nivumilie. Hakuna mtu mwenye malezi atakayekuuliza uko ng'ambo ipi.

Nimelala vizuri.

Jumamosi, 8 Februari

Mzungu kaniuliza niko ng'ambo ipi.

Asubuhi: feri imefika? Adhuhuri: ametazama ramani, maji yenyewe membamba, je, kuna ajali? Niko salama? Nimjibu tafadhali. Mimi nilikuwa makaburini na wazee tukipima mahali pa Baya. Niliporudi nimekuta amenipigia mpaka simu imezima.

Nikamjibu: foleni.

Sijui nilifikiri nini. Foleni ya tangu jana!

Basi akamtafuta Kadzo. Amemwandikia kwamba babu yake amekwama majini tangu jana na hapatikani, amfahamishe kama yuko hai. Kadzo kanipigia. Nikasikia akivuta pumzi. Nyuma ya mgongo wangu spika zikipiga, hakuhitaji kuuliza mengi.

"Ziko ngapi, babu?"

"Zile mbili."

Akakata. Kumbe alimwandikia Bi Ingrid kwamba niko hai, basi.

Jumapili, 9 Februari

Karudi. Kasema shikamoo, nikaitikia marahaba, basi. Afadhali angepiga kelele. Mimi kelele nazijua, nina jogoo.

Kapika. Kaniwekea sahani. Akaongea akiwa amenipa mgongo. Alianza kazi hii na mteja mmoja aliyemlipa nyota tu, bila senti, akakubali, kwa sababu nyota ndizo zinazoita wengine. Anaamka alfajiri kwa ajili ya watu ambao kwao ndiyo jioni. Hajawahi kumdanganya hata mmoja. "Mimi huko sina uso, babu. Sina ukoo wa kuniombea. Nina neno langu tu. Na wewe umelipeleka feri."

Nimejisikia mchafu.

Nikamwambia amwandikie Bi Ingrid aombe radhi kwa niaba yangu. Kakataa. "Utamwambia wewe. Kwa mdomo wako. Kesho."

Kaniandikia sentensi fupi fupi. Nimezisoma kanisani ibada ya jioni, mahubiri yote, midomo inacheza. Mama wa kwaya kanipigapiga bega, kaona nimeguswa na Roho.

Jumatatu, 10 Februari

Shati jeupe. Mkono kifuani, safari hii hata moyo wenyewe ulihitaji kushikwa.

Bi Ingrid hakutabasamu. Nimesalimia mara moja. Halafu nimesema, kwa Kizungu, na hakuna aliyenishika mkono: Sikuwa feri. Nilidanganya. Jirani amekufa, kuna muziki, sijarekodi. Hadithi ziko mbili. Kadzo hakujua. Kosa ni langu.

Hakuna sentensi hata moja iliyokuwa na mapambo. Nilijiona nimesimama uchi.

Feni ikalia. Kisha Bi Ingrid kasema polepole, ili nielewe, na nimeelewa. Kuchelewa angeweza kukuvumilia, watu hufiwa kila mahali. Asichoweza ni kutojua. Fundi kaja leo asubuhi, kakaa, karudi kwake. Na Jumamosi nzima yeye aliniona nimezama.

Nusu ya hadithi anampa msomaji mwingine. Wa Unguja! Hapo ulimi uliniwasha. Hao watu wataniharibia fisi. Nimeumeza. Nikasema inaniuma, lakini ni haki yake.

Halafu akauliza: nne zako, zile mbili zikiwemo, Ijumaa utazikamilisha?

Loo. Mwili wangu wote ulitaka kusema yesi. Miaka yote ya Nyali ilinijaa mdomoni. Kadzo hakunitazama, alitazama kucha zake. Nikahesabu. Baya anazikwa Alhamisi, matanga yanavunjwa Jumapili, spika zinarudi kwao.

"No," nikasema. "Tuesday."

Hapana ya kwanza niliyompa mgeni tangu nizaliwe. Nilingoja mbingu zianguke.

Kachukua kalamu kaandika. Kasema asante, sasa najua. Ndipo akatabasamu, kidogo, akauliza yule aliyefariki alikuwa nani kwangu. Nikakosa Kizungu. Nikasema tulicheza pamoja.

Baadaye Kadzo kanipikia chai ya tangawizi. Haikuwa na sukari ya kutosha lakini ilikuwa chai.

Jumatatu, 17 Februari

Kimya Bofu nzima! Spika zimepakiwa kwenye mkokoteni. Nimeingia chini ya blanketi asubuhi. Fisi amelia. Kobe ameongea. Sungura nimempa sauti ya Mzee Baya, ile ya kukataa kwamba ameiba kete. Kadzo alikuwa ameshika simu huku amejiziba mdomo, machozi ya kicheko yanamtoka. Jogoo kawika mara moja katikati, nikamnyooshea kidole, akanyamaza. Naye kajifunza.

Zimetumwa zote leo jioni. Siku moja kabla! Kadzo hakunisifu. Alimwandikia Bi Ingrid mstari mmoja, akaniachia mimi nibonyeze.

Jumatano, 19 Februari

Nyota zimekuja. Moja imekosekana.

Kadzo kasoma mara mbili, kafunga kompyuta, kaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nimemfuata mpaka kwenye kamba. Nimeshika kapu la vibanio.

Bi Ingrid kaandika ukweli. Kazi ilianza vibaya, mteja aliachwa gizani, kisha akaambiwa kweli, na siku iliyoahidiwa ilitimizwa. Kila mtu ulimwenguni anaweza kuisoma, nyota yenye pengo kama mdomo wangu. Itakaa pale. Mimi ndiye niliyeing'oa.

Kadzo alipomaliza nguo akasema mteja mwingine kashamuuliza kuhusu pengo hilo, naye kamjibu kama ilivyo: babu yangu alidanganya, hatadanganya tena. Mteja kampa kazi. Ndogo, lakini kazi.

Alhamisi, 20 Februari

Kumepoa. Kuku wamelala mapema. Kizingitini kwa Mzee Baya bao liko palepale, hakuna wa kuiba.

Bi Ingrid katuma hadithi nyingine. Tatu tu. Hakuuliza kama naweza. Kauliza siku gani. Nimefikiri, nimemtajia, Kadzo kaandika.

Anataka tuongee kwanza, Jumatatu, kwa video. Nimelitoa shati jeupe, nimelining'iniza mlangoni kwake.

Kadzo, kama unachungulia daftari hili, na najua unachungulia: kifungo changu. Kizungu cha kazi nimejua, shahidi wako yuko Norwe. Uzi uko kwenye kopo la majani ya chai.

Usiniambie uko feri. Sema lini.