Mwisho Aliotupa Mama Zaina

Mjukuu wangu Hawa,

Salamu toka Buyenzi. Sisi wazima. Dada yako kajifungua mtoto wa kiume, analia kama tarumbeta ya harusi.

Unauliza sinefili ni mtu gani. Marehemu babu yako aliniambia Wafaransa walilijenga neno hilo kwa maneno mawili ya Kigiriki, mwendo na upendo: ni mtu anayependa picha zinazotembea. Lakini mi niliwaona watu hao kabla sijalijua jina lao.

Miaka ile ya uhuru, Jumapili moja mchana, tulijaa ukumbini kuangalia sinema. Kwenye picha, mchumba wa binti mmoja yuko vitani, mara mkanda ukakatika. Fundi akawa anauunga, na hakuna aliyetoka. Mama Zaina, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akasimama akatumalizia hadithi mwenyewe: kijana akarudi, akaoa, hata pilau akatupakulia kwa maneno. Tukapiga vigelegele.

Picha ikawaka tena. Kijana akafa.

Ukumbi mzima ukalipuka: "Apana! Zima, fundi! Huyu mutu alishaoa!"

Hao ndio masinefili, mjukuu wangu. Na mi mpaka leo najua kwamba alioa.

Bibi yako anayekuombea dua,
Mwajuma