Kodi ya Baba Mdogo na Tarehe Iliyoachwa Wazi

Nyumbani,
Nyuma ya karakana,
Jumamosi, 14 Februari.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichotutajia kimekwisha. Mama anauliza kama unakula vizuri au bado unashindia chai. Sisi hatujambo. Baba naye hajambo, ila mgongo unamsumbua kidogo siku akibeba mbao peke yake.

Mimi nimepanda darasa na sasa tunasoma somo la biashara. Hesabu nilifanya vizuri. Ushonaji sitautaja.

Sasa nije kwenye ile kazi uliyotutuma mimi na Mama, ya kukudaia kodi uliyokatwa zaidi. Kabla hatujaenda nilimwomba mwalimu wa biashara anieleze, maana sikutaka kusimama dirishani kama mlingoti. Alisema kila mwezi kodi hukatwa kana kwamba mtu atafanya kazi mwaka mzima. Wewe mwaka jana ulifanya miezi mitano tu hapa karakanani, na huko uliko hujaajiriwa tena, unafanya vibarua. Kwa hiyo mapato yako ya mwaka yalikuwa madogo, na kodi ilipaswa kuwa ndogo vilevile. Kilichozidi ni chako, lakini hakiji chenyewe. Lazima kiombwe.

Tulikwenda Jumatatu, tukiwa na barua yako ya idhini na nakala ya kitambulisho chako. Ofisi ya kodi ina viti vya chuma vilivyounganishwa, mtu mmoja akikohoa mnatikisika wote. Dada wa dirishani alitupokea vizuri. Alibonyeza kompyuta yake, akatazama, akabonyeza tena, kisha akamwambia Mama, "Huyu shemeji yako hajaacha kazi."

Mama akasema, "Mwanangu, huyo ameondoka tangu Mei. Chumba chake sasa ninaanikia nguo siku za mvua."

"Mwajiri wake anasema yuko likizo bila malipo. Kila mwezi analithibitisha hilo. Hata mwezi uliopita."

"Huyo mwajiri ni mume wangu," Mama akasema. "Nampikia kila siku. Mbona hajaniambia?"

Foleni nzima ilicheka, na dada naye akainamisha uso kwenye karatasi zake. Lakini alitueleza kwa upole kwamba mtu aliye likizo hawezi kurudishiwa kodi kwa sababu ya kuacha kazi. Inatakiwa barua ya mwajiri, yenye sahihi na mhuri, inayotaja tarehe uliyoacha. Ijazwe kwa wino mweusi. Maombi ya mwaka jana yatapokelewa hadi mwisho wa Juni.

Jioni hiyo Mama alingoja Baba anawe mikono ndipo akamwuliza. Baba alijibu kwamba likizo ni likizo. "Likizo gani hiyo?" Mama akasema. "Hata aliyekwenda kujifungua angekuwa amesharudi kazini." Baba alimaliza tonge lake, kisha akasema, "Mimi sikumfukuza. Yeye hakuaga. Sasa nitaandikaje kwamba ameacha?"

Baba Mdogo, mimi ni mtoto na sikuwepo siku mliyogombana. Ninachojua ni kwamba wewe ulitaka mashine ya kuranda mbao na Baba akasema mashine hula vidole, na kwamba sauti zilifika hadi barabarani. Nilirudi shuleni nikakuta begi lako halipo.

Labda nikwambie na hili, kwa kuwa Mama hatalisema. Meza yako ya kazi haijaguswa. Fundi Msasa, ambaye wewe mwenyewe ulimpa jina hilo kwa jinsi anavyokwaruza watu kwa maneno, aliweka makopo ya vanishi juu yake siku moja. Baba aliyaondoa moja moja, akayapanga sakafuni. Tangu hapo Msasa anasema meza ya likizo inaheshimiwa kuliko fundi wa zamu.

Jana Baba aliniita karakanani nimwandikie ile barua ya ofisi ya kodi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Alinitajia maneno akiwa amesimama, mimi nimekaa kwenye kigoda cha wateja. Tuliandika jina lako lote, kazi yako, mshahara wako na kodi aliyokukata. Alinitajia kila tarakimu bila kufungua kitabu. Tulipofika kwenye tarehe ya kuacha kazi, alichukua ubao. Akaupapasa, ingawa ulikuwa umeshalainishwa.

"Acha nafasi," akasema.

Nikamwambia, "Baba, bila tarehe hawataipokea."

"Najua. Tarehe ni yake. Ajaze mwenyewe."

Halafu akatia sahihi, akapiga mhuri, akaupuliza wino ukauke.

Barua hiyo nimeiweka humu ndani. Ukiandika tarehe na kuirudisha kabla ya Juni kwisha, mimi na Mama tutaipeleka siku hiyohiyo, na dada wa dirishani amesema fedha zitaingia benki kwako baada ya ukaguzi. Najua unazihitaji kwa pango la kile chumba unachotaka kukifanya karakana yako. Ni haki yako, umezitolea jasho, na wala sitaichelewesha barua yako kwa sababu ya mambo ninayoyatamani mimi. Nikisema sitamani urudi, nitakuwa nimekudanganya. Lakini ukiijaza, nitaipeleka kwa moyo mmoja.

Jambo moja dogo. Nilipokuwa nakunja barua, Baba aliniuliza kama huko kwenye vibarua vyako wana mashine ya kuranda, na kama ina kifuniko cha kukinga vidole. Nilimwambia sijui. Akasema basi haidhuru. Baadaye akaniuliza tena. Kwa hiyo nakuuliza, na ukipenda uchore picha, maana ataitaka.

Mama anakusalimu sana, na nguo zake za mvua zitapisha siku yoyote. Shangazi anakusalimu. Msasa anakusalimu kwa namna yake, maneno yenyewe siwezi kuyaandika. Mungu akulindie mikono yako, vidole vyote kumi, na akujalie riziki popote utakapoamua kuweka meza yako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Karani Mdogo

N.B. Ukisikia kitu kigumu ndani ya bahasha, ni penseli ya useremala. Baba amepita sasa hivi, akauliza kama nimeshafunga, akaitoa nyuma ya sikio na kuitumbukiza. Amesema uijazie hiyo tarehe kwanza kwa penseli. Nimemkumbusha kwamba ofisini wanataka wino. Amesema anajua.