Vifuniko Vitatu vya Pikapu ya Babu

Temeke Mikoroshini,
Dar es Salaam.
8 Juni 2025

Mpendwa Bibi Margareta, mke wangu wa uzeeni,

Shikamoo. Hiyo ni ya heshima, nimeshaitoa. Sasa niache niongee na mke wangu. Hujambo mrembo? Magoti yanasemaje na kibaridi cha Masasi? Yule jogoo anayemkimbiza Hope bado yupo, au mmeshamla? Sie huku wazima. Mama kifua kilimbana, ila sasa anafoka kama kawaida, kwa hiyo kapona. Mie ndio usiseme, nimenawiri mpaka mtaa unalalamika.

Hope, unayemsomea Bibi, soma kila neno. Usiruke panapokusema.

Habari kubwa ni pikapu ya marehemu Babu. Tangu Mjomba Gibson ailete huku mwaka jana, injini ilikuwa inatunyanyasa. Sasa imekubali. Nimeiendesha mwenyewe mpaka Tegeta na kurudi, mkono mmoja. (Hilo la mkono mmoja Mama hajui.)

Imebaki rangi tu. Nilidhani hapo hakuna ishu: ilikuwa nyeupe, tunapiga nyeupe, tunakufuata, unakuja kutolewa mtoto wa jicho. Maana Pasaka Mama alikubembeleza kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, ukamjibu, "Sipandi basi, sipandi gari la mtu. Nitapanda la mume wangu, tena liwe kama lilivyokuwa." Na daktari kashasema jicho la kushoto halingoji.

Kumbe Bibi, weupe nao una makabila! Fundi Sadallah, anayepuliza rangi gereji ya hapa mtaani, aliniuliza, "Nyeupe ipi, braza?" Nikamwambia nyeupe nyeupe. Alicheka mpaka akavua barakoa. "Wewe ndio wale wanaokaa kwa kinyozi wanasema ninyoe nywele!"

Akanionyesha. Kuna inayong'aa kama friji, unaweza kujichania nywele. Kuna ya lulu: ukisimama ni nyeupe, ukisogea inameremeta kama ndani ya kombe la baharini. Kuna isiyong'aa kabisa, kama chaki. Mie moyo wangu uko kwenye lulu. Hebu nione ndani yake nimeshusha kioo! Usianze wivu.

Tulifungua kibao cha namba cha nyuma tuone rangi ambayo jua halikuigusa. Kuna umanjano kwa mbali, kama tui la nazi. Hiyo tukaipata. Ila palikuwa pamekwaruzika na kutu, mng'ao haujulikani. Basi vita ikaanza. Mama anaapa iling'aa, ndiyo iliyokuwa kioo chake siku ya kipaimara. Mjomba Gibson anaapa haikung'aa hata siku moja, ilikuwa kama ukuta wa chokaa. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Sadallah akauliza swali moja tu: mzee alikuwa anaioshaje? Nikakumbuka, maana nilikuwaga namshikia ndoo: sabuni ya unga ya kufulia na dodoki, kila Jumamosi. "Basi wote wakweli," akasema. "Dada mtu aliijua inang'aa. Mdogo wake alipopata akili, mzee alikuwa ameshaisugua hadi ikawa chaki."

Tangu siku hiyo najiuliza, mie niliyeishia kidato cha pili na sijawahi kujiuliza kitu. Uliposema iwe kama ilivyokuwa, ilivyokuwa lini, Bibi? Siku Babu alipokuletea, au siku alipokuachia? Hilo fundi hajui, Mama hajui. Unajua wewe.

Kwa hiyo konda wa basi aliyekuletea barua hii kakuletea na mzigo. Ndani kuna vifuniko vitatu vya kopo, Sadallah kavipuliza vyote rangi ya tui, mng'ao tofauti. Vitoe uani jua likiwa kali, na Hope asikuambie kitu. Macho yakigoma, papasa. Wewe si ndiye unayejua mchele wenye mchanga kwa kuushika tu?

Lakini angalia nilivyovifunga. Kanga mpya, fundo moja. Kitu kinachotumwa kwa mwanamke namna hiyo unakijua: ni kishika uchumba. Ukirudisha fundo halijafunguliwa, umenikataa, na mie nitalia hadharani bila aibu. Ukifungua ukabakiza kifuniko kimoja, viwili ukampa konda anirudishie, umenikubali. Na mwanamke aliyepokea posa hawezi tena kusema hapandi gari. Hope ndiye shahidi.

Hata ukibakiza cha chaki nitakuja. Nitaendesha nimeinamisha uso nikipita kwa washikaji, lakini nitakuja.

Mama na Mjomba Gibson wanakusalimu sana. Msalimie jirani yako Mzee Mwinjuma, umwambie apunguze kukuletea mihogo, mwenye mke yuko njiani. Mungu akutunzie hilo jicho mpaka nifike, nalo lingine alitunze hivyo hivyo.

Wako akupendaye, mume mdogo,
Ansbert, mwenye jina la Babu.

Hope, umefika mwisho. Mwangalie mikono: keshafungua fundo?