Saa Tatu Zisizojulikana

Mama Naeku,

Uji umo kwenye chupa, mayai nimeyafunika. Naeku nimempeleka shule. Funga mlango wa jikoni, kuku wanaingia.

Leo asubuhi nimekufuata, sikufichi. Wiki tatu sasa unatoka zamu ya usiku saa moja, unafika hapa nyumbani Kijenge saa nne. Nikikuuliza unasema, “Wagonjwa mahututi walikuwa wengi.” Juzi muuguzi mwenzako Fransiska akaniambia mnatoka wote saa moja ile ile. ~~Nilijua ni Daktari Allen wa wodi yenu.~~ Nilidhani kuna mwanamume.

Ulitembea mpaka Kaloleni, ukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, ukavua viatu. Nikajibanza nyuma ya kibanda kumngoja huyo mtu. Hakuja. Alipita mama muuza ndizi akakuuliza, “Sista, unaumwa?”

Nikakusikia: “Leo wamefariki watatu. Wenzetu wamehamia hospitali za binafsi, tumebaki wawili kwa vitanda sita vya mahututi. Siwezi kumshika mwanangu kwa mikono hii. Acha nikae kidogo.”

Akakaa na wewe. Mimi nilishindwa hata kutoka pale kibandani. Ningemkuta mwanamume, ningejua la kumwambia.

Nimekwenda kazini, narudi saa kumi. Lala kwanza, chakula nitapika mimi. Lakini bado sina amani. Muuza ndizi usiyemjua umemwambia yote, mimi wa nyumbani nikaambiwa uongo wiki tatu. Nikirudi unijibu kweli: unachoogopa ni mikono yako, au ni mimi?

Baba Naeku